Gari la Kubeba Usipa, Kahawa na Bibi

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, Winifrida aliamshwa na kikohozi cha Babu. Babu huyu hakuwa mtu. Alikuwa pikapu kuukuu ya mama yake, nao walimpa jina hilo kwa sababu katika baridi ya kijiji chao, Mpepai, hakuwaka mpaka akohoe kwanza, atetemeke, kisha atoe moshi mweusi kama mzee aliyekatazwa sigara lakini hasikii.

Mama yake, Restituta, alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliteremka na Babu mpaka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, akanunua usipa, wale dagaa wa ziwa, waliokaushwa, na samaki wabichi waitwao mbasa, akapanda nao milima hadi sokoni Mbinga. Barabara ile ni kona juu ya kona. Wako wanaume wenye magari mapya wanaozipita kona hizo wamenyamaza kimya, wamekamata usukani kwa mikono miwili. Mama alizipita huku anaimba sauti ya pili ya kwaya. Winifrida aliamini kwamba hakuna dereva kama mama yake mkoa mzima, na sioni kwa nini tumbishie.

Baba yake, Placidi, alikuwa mkulima wa kahawa, mtaratibu, mwenye maneno machache. Kahawa yake haikuwahi kukataliwa kwenye ghala la kijiji hata mara moja. Bibi Hildegardi, mama yake Baba, ndiye aliyekaa kwenye vichanja siku nzima, akiigeuza ile kahawa juani na kufukuza kuku. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, lakini mikono na ulimi vilikuwa vizima kabisa.

Basi, kazi zote hizo zilimwangukia Babu. Leo samaki, kesho kahawa, Jumapili Bibi kwenda kanisani. Na kazi ya Winifrida, msichana wa darasa la sita, ilikuwa kumwosha Babu kila mara samaki waliposhushwa. Kwani hapo nyumbani kulikuwa na amri moja iliyokuwa kubwa kuliko zote: kahawa haipandi garini mpaka harufu ya samaki imeondoka. Kahawa inavuta harufu. Ukiilaza karibu na mafuta ya taa, itanuka mafuta ya taa, na ukiilaza na usipa, utajua mwenyewe. Winifrida alimwaga maji na sabuni kwenye bodi la nyuma, akasugua kwa ufagio wa chelewa, maji yakatiririka chini, jua likamaliza kazi. Hakuna aliyelalamika.

Jambo moja tu lilimuuma Winifrida, na hakumwambia mtu. Alisoma Mbinga mjini, na asubuhi Mama alimpeleka akielekea sokoni. Babu alikuwa na kiti kimoja tu kirefu mbele, na pale mbele ndipo Mama alipoweka ndoo za wateja wake maalumu. Kwa hiyo Winifrida alisafiri amekumbatia mbasa. Akishuka langoni, Glorious, mwanafunzi mwenzake, alibana pua na kutangaza, "Jamani, mbasa amefika!" Darasa zima likacheka. Winifrida naye alicheka, ili isionekane kwamba imemchoma, lakini ilimchoma sana.

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, Babu alifia njiani. Fundi Baltazar alikuja, akalala chini yake, akatoka anajifuta mikono na kutikisa kichwa.

"Mama Wini, nikudanganye ili iweje? Huyu muuzeni chuma chakavu. Injini imekwisha, sakafu imeoza. Sijui mlikuwa mnasafiri kwa imani gani."

Jioni ile walikaa jikoni kuzunguka moto, maana kipupwe kilikuwa kimeanza kung'ata. Mama alikuwa ameweka akiba kwa siku kama hiyo, na kahawa ya mwaka ule ingejazia iliyobaki. Lakini hakuanza na bei. Alianza na swali.

"Kesho nakwenda kwa Wendelin kuangalia magari," alisema. "Nikifika pale sijui ninachokitaka, Wendelin atanichagulia yeye. Kwa hiyo kila mmoja aseme: gari lijalo limfanyie nini? Sijauliza lifananeje. Nimeuliza limfanyie nini."

Baba alifikiri. "Mimi nataka lifike shambani masika. Udongo wetu ukilowa mnaujua. Na libebe gunia bila kulia."

"Mimi," alisema Bibi, "nataka niingie mwenyewe. Kila Jumapili mnanipakia kama gunia la mahindi, mmoja huku, mwingine kule, watu wanatazama. Nina miguu yangu, hata kama mmoja unanikorofisha."

"Mimi nataka niweze kuliosha," alisema Mama. "Na breki za kuniteremsha Mbamba Bay nikiwa naimba. Haya, Wini. Na wewe?"

Winifrida alikuwa na maneno yake pale pale kwenye ncha ya ulimi: sitaki kunuka samaki shuleni. Lakini chakula, sare na madaftari yake vyote vilitoka kwa samaki wale wale. Angewezaje kuwaonea aibu mbele ya mama yake?

"Mimi nataka lenye skrini," alisema. "Na vioo vya kupanda kwa swichi."

Bibi alicheka mpaka akashika goti. "Swichi! Haya, na swichi iwemo."

Kesho yake Mama alirudi na gari ambalo Winifrida hakuthubutu kuliota. Lilikuwa gari la familia, jeupe, lenye viti vya kitambaa, kapeti laini sakafuni, na milango ya pembeni inayoteleza yenyewe. Na skrini ilikuwepo! Wendelin, mwuza magari, aliimba kwaya moja na Mama na alimwamini, kwa hiyo alikuwa amemwazima kwa siku chache.

"Nimemwambia nalijaribu kwa kazi zangu mwenyewe," Mama alisema. "Kulizungusha uwanjani kwake hakunisaidii kitu. Lisipotufaa, tunamrudishia likiwa safi kama alivyotupa."

Bibi alikuwa wa kwanza kuingia. Sakafu ya gari ilikuwa chini, akaingia mwenyewe, akakaa, akatazama mbele kama mke wa mbunge. "Hili linanijua," alisema. Winifrida alifungua mlango, akafunga, akafungua tena. Alijiona ameshuka langoni mwa shule, nguo zake hazinuki, Glorious mdomo wazi. Tangu saa hiyo alilipenda gari lile kuliko akili yake.

Siku iliyofuata aliteremka na Mama mpaka Mbamba Bay. Mama aliviinua viti vya nyuma, akatandika turubai, akapanga ndoo za mbasa zenye barafu na magunia ya usipa. Ziwa lilikuwa limetulia, na wachuuzi wenzake walilizunguka gari wakilisifu.

"Restituta, umekuwa tajiri!" mmoja alisema.

"Nimeazima utajiri," Mama alijibu. "Sijajua kama utanitosha."

Wakati wa kupanda, kona ziliwayumbisha. Mama aliimba, Winifrida akaitikia, na nyuma yao kifuniko cha ndoo moja kikafyatuka bila mtu kusikia. Walishusha samaki sokoni jioni, wakarudi nyumbani. Mama, aliyekuwa na mafua tangu juzi yake, alikwenda moja kwa moja kujipikia maji ya tangawizi.

"Wini, kesho asubuhi ulioshe vizuri," alisema. "Likikauka, jioni Baba apakie kahawa. Keshokutwa ni zamu yetu ghalani, alfajiri."

Asubuhi Winifrida alitoa turubai. Chini yake, maji yalikopenya pembeni, kapeti lilikuwa limelowa. Alilibonyeza kwa kidole, na maji ya mbasa yakachuruzika juu. Alilivuta ili alitoe, likakataa. Lilikuwa limebanwa chini ya viti. Angemwaga maji? Yangeenda wapi? Babu alikuwa na matundu, maji yakitoka yenyewe. Gari hili lilikuwa kama bakuli.

Alisimama pale na kitambaa mkononi. Alilielewa jambo lenyewe vizuri sana, msidhani ni mtoto mjinga. Alielewa kwamba gari hili halioshiki. Na alielewa kwamba akimwambia Mama maneno hayo matatu tu, gari litarudi kwa Wendelin mchana huo huo, na yeye atarudi kukumbatia ndoo.

Basi akafuta plastiki mpaka ikang'aa. Akapiga kapeti sabuni ya unga yenye manukato, akakamua kwa kitambaa, akakamua tena. Halafu akakata majani ya mkaratusi, akayatandaza kila mahali na kufunga milango.

Jioni Mama alipita akipenga kamasi. "Umeosha?"

"Nimeosha."

"Pamekauka?"

"Pamekauka, Mama."

Mama akaamini. Kwa nini asiamini? Winifrida hakuwahi kumdanganya kuhusu kazi ile. Baba aliingiza kichwa garini, akanusa. "Leo linanukia kama zahanati," alisema, akatabasamu, akaanza kupakia. Manyunyu ya kipupwe yalikuwa yanaanguka, kwa hiyo walivifunga vioo vyote. Kahawa bora ya Placidi, iliyogeuzwa na Bibi gunia kwa gunia, ililala ndani ya gari lile.

Alfajiri walikwenda ghalani wote, harufu ya mkaratusi ikiwa bado imejaa garini. Bibi hakukosa kamwe siku ya kupima; alipenda kusikia kahawa yake ikisifiwa. Foleni ilikuwa ndefu, majirani wamejitanda mablanketi, na kila aliyefika alimsalimu.

"Shikamoo, Bibi Hildegardi."

"Marahaba. Mmeiona kahawa yangu lakini? Subirini muione."

Mpokeaji wa kahawa aliitwa Mansuetus. Alifungua gunia la kwanza, akachota kiganja kizima, akaitazama rangi, akatafuna punje. Kisha akaipumulia na kuinusa. Akainusa tena. Tabasamu lake likaondoka.

"Mzee Placidi," alisema polepole, "kahawa hii imelala wapi?"

"Nyumbani. Kwani vipi?"

"Inanuka samaki."

Mansuetus akafungua magunia mengine. Yale ya chini yalinuka zaidi.

"Siwezi kuichanganya na ya wenzako," alisema. "Gunia moja la namna hii litaharibu kahawa ya kijiji kizima, na mnunuzi ataturudishia yote. Samahani sana. Sikutegemea kwako."

Baba alivua kofia, akaishika, akaivaa tena. Hakuwa mtu wa kulia hadharani, lakini uso wake ulikuwa umefifia. Ndiyo kahawa iliyopaswa kujazia bei ya gari. Na zaidi ya hayo, lilikuwa jina lake.

Winifrida alijificha nyuma ya mama yake. Sema, alijiambia.

Ndipo Bibi akajongea mbele, akiegemea fimbo.

"Ni mimi," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Wiki iliyopita nilianika usipa wangu kwenye ungo. Niliona ni mbali na kichanja. Labda haikuwa mbali. Labda upepo. Macho haya, na kichwa hiki, siku hizi sivielewi." Sauti yake, ambayo siku zote iliwafukuza kuku kutoka upande wa pili wa shamba, ilikuwa ndogo. "Mnisamehe. Nimewaharibia."

"Basi, Mama," Baba alisema kwa upole. "Usijisumbue. Umechoka, ni haki yako. Mwaka ujao vichanja atavishika Wini."

Bibi alitazama mikono yake, akaigeuza, kama vile anatafuta ni kidole gani kilichokosea. Winifrida hakuwahi kumwona bibi yake hana la kusema. Jambo hilo lilimvunja kuliko foleni yote, kuliko gari, kuliko Glorious na pua yake.

"Si Bibi!" alipiga kelele. "Bibi hajakosea kitu! Ni mimi!"

Alilia huku akieleza, na alieleza mbele ya watu wote: kapeti lililolowa, sabuni ya unga, majani ya mkaratusi, na lile neno "pamekauka". Mama hakumkatiza. Alipomaliza, Mama alikwenda kwenye gari, akasukuma mlango, akabonyeza kapeti kwa kiganja. Maji yakapanda. Akauliza huku mgongo umewageukia:

"Uliona hili tangu jana asubuhi?"

"Ndiyo, Mama."

"Nami nikakuuliza."

"Ndiyo. Nilijua ukijua utalirudisha."

"Kwa ajili ya skrini, Wini? Umemwacha bibi yako avae kosa lako kwa ajili ya skrini?"

"Si skrini!" Winifrida alifuta pua kwa mkono. "Sitaki kunuka samaki shuleni. Wananiita mbasa. Kila siku nakaa na ndoo na wananiita mbasa, na niliogopa kukwambia, ungefikiri nakuonea aibu."

Mama akavuta pumzi ndefu. Hasira yake ilikuwepo, ilionekana kwenye shingo, lakini ilikuwa imepata mwenzake, na mwenzake alikuwa huzuni.

"Hilo tutaliongea nyumbani," alisema. "Kwanza, mwombe radhi bibi yako."

Winifrida alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Bibi akamgonga kidogo begani kwa fimbo.

"Nyanyuka. Nilikuwa nimeanza kuamini nimezeeka," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Mshukuru Mungu umesema kabla sijavigawa vichanja vyangu. Placidi, umesikia? Vichanja ni vyangu!"

"Nimesikia, Mama," Baba alisema. "Nisamehe na mimi."

Mansuetus alikohoa. "Mimi sijaikataa kahawa moja kwa moja," alisema. "Sasa kwa kuwa najua imepataje harufu, naweza kuwashauri. Ingekuwa imelala na samaki wiki nzima, ningesema ipelekeni jalalani. Usiku mmoja, bado ganda lake limeikinga kiasi. Magunia haya msiyatumie tena. Imwageni vichanjani, tandazeni nyembamba, igeuzeni juani na kwenye upepo, halafu mniletee. Ya juu nadhani itapona. Ya chini siahidi."

Ikawa hivyo. Winifrida na Bibi walikaa vichanjani siku baada ya siku, baridi asubuhi, jua mchana. Bibi alimfundisha kuigeuza kwa kiganja kilicho wazi ili ganda lisipasuke, kuichagua iliyovunjika, na kunusa macho yakiwa yamefungwa. Winifrida alishangaa jinsi bibi yake alivyoijua kahawa ile. Alitofautisha ya mteremko wa juu na ya bondeni kwa kuisikiliza tu ikimwagika. Na huyu ndiye aliyekubali kuitwa mtu aliyesahau! Kila alipolikumbuka hilo, Winifrida aliona aibu upya.

Kabla ya hapo lakini kulikuwa na Wendelin. Mama hakwenda kumweleza. Alimpeleka Winifrida akaeleze mwenyewe, yeye akasimama kando.

"Shikamoo, Mjomba Wendelin," Winifrida alianza, na akasema yote.

Wendelin alifungua mlango wa gari lake jeupe, akanusa, akaufunga haraka. "Ee Mama yangu! Sasa hili nitamuuzia nani, paka?"

Walitoa viti vyote, wakalikata kapeti, wakasugua wakiwa watatu mpaka vidole vikakunjamana. Ulipofika mwisho, Wendelin mwenyewe alikuwa anacheka, ingawa alimlipisha Mama kapeti jipya. Hakuwa malaika, alikuwa mfanyabiashara.

Kahawa ya juu ilipona. Mansuetus aliinusa, akanyanyua kidole gumba, na foleni ikapiga makofi kwa ajili ya Bibi, aliyewapungia mkono kama askofu. Ya chini ilishushwa daraja na bei. Kwa hiyo gari waliloweza kununua lingekuwa la umri mkubwa kidogo kuliko walilolitarajia. Mama hakulificha hilo, wala hakulirudia.

Usiku wa kuamkia siku ya kununua, walikaa tena jikoni, na Mama akauliza swali lile lile. Safari hii Winifrida alijibu bila kuangalia chini.

"Nataka nisikae na ndoo."

"Umeona?" Mama alisema. "Hilo ni hitaji, na lina uzito sawa na la Baba na la Bibi. Ungelisema siku ile, ningelitafutia dawa siku ile. Wewe ukanipa swichi."

Kesho yake, kwenye uwanja wa Wendelin, Winifrida alimwona mama yake akinunua gari, na hatasahau. Wateja wengine walipiga honi na kukagua rangi. Mama alikuwa amekuja na ndoo ya maji, gunia lililojazwa mahindi, na Bibi. Alichagua pikapu ya kabini mbili, yenye viti vya mbele na vya nyuma na bodi la wazi. Alimwaga ndoo nzima ya maji kwenye bodi, akainama kutazama kama yanatoka yote. Alipakia gunia, akaliendesha gari mpaka kwenye mlima wenye makorongo, akasimama katikati, akaondoka tena bila kurudi nyuma. Alimlaza Fundi Baltazar, aliyekuja naye, chini ya gari kwa muda mrefu. Wendelin alimfuata akiwa ameshika kiuno.

"Mama Wini, miaka yote nauza magari, sijaona mtu anamwaga maji."

"Ndiyo maana unayauza," Mama alijibu. "Mama, jaribu kupanda."

Bibi alijaribu. Mlango ulikuwa juu, goti likagoma. Baba, aliyekuja nao, alitaka kumnyanyua, Mama akamzuia kwa mkono. "Hapana. Tulimwahidi." Akamgeukia Baltazar, na Baltazar akapima kwa kijiti. Kabla ya jioni alikuwa ameunga chini ya mlango kidaraja cha chuma, kipana kama kiti cha jikoni. Bibi alikanyaga, akashika mlango, akaingia. Hakuna mtu aliyemgusa.

Gari lilikuwa na mbonyeo ubavuni na rangi iliyopauka. Skrini haikuwepo. Vioo vilizungushwa kwa mkono.

Shule zilipofunguliwa, Winifrida alishuka langoni kutoka kiti cha nyuma, ndoo zikiwa huko huko nje kwenye bodi. Glorious alinyanyua mkono kuelekea puani, akasita. Hakukuwa na kitu cha kunusa.

"Mna gari jipya?" aliuliza.

"La zamani," Winifrida alisema. "Lakini linatutosha. Na samaki tunauza bado, mwambie mama yako."

Wiki ile ile Mama alirudi kutoka Mbamba Bay na mzigo mkubwa. Winifrida aliosha bodi, akasugua pembe zote. Jioni Baba alikuja, magunia ya mwisho ya kahawa yakiwa tayari kando ya njia. Wingu lilikuwa linakuja, na zamu ya ghalani ilikuwa kesho.

"Umeosha?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimeosha."

"Pamekauka?"

Winifrida alipanda kwenye bodi, akainama, akapitisha kiganja kwenye mifereji ya chuma. Akafumba macho, akanusa, kama alivyofundishwa. Angeweza kusema ndiyo. Baba alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati.

"Bado, Mama."

Hakuna aliyemgombeza. Baba aliikunjua mikono ya shati yake, akakaa juu ya gunia. "Basi tutasubiri," alisema. Akampa Winifrida nafasi pembeni yake.

Mama alikuja akaegemea ubavu wa gari, pale penye mbonyeo. "Mwanangu, nilitafuta gari la kunitosha, na kumbe kilichonipungukia ni hicho ulichosema sasa hivi," alisema. "Mtu akiniambia ukweli, hata ule nisioupenda, najua la kufanya. Akinificha, hata gari zuri namna gani litanitupa korongoni. Siku zote niambie bado, kama ni bado."

"Na niache mimi nilinde vichanja," Bibi alisema kutoka kitini mwake, akiwarushia kuku kijiti.